Rangi za modeli zilizozeeka kabatini: zipi zinarudi, zipi zimekwisha

SWALI: "Habari za kazi, mtaalamu. Kaka yangu alipohama aliniachia sanduku zima la rangi za modeli za plastiki. Kuna makopo madogo ya Humbrol, mengi yana utando juu. Kuna chupa za Tamiya za akriliki ambazo zimekuwa nzito, Vallejo kadhaa, na chupa tatu za Mr. Color zilizokauka kabisa. Ipo pia vanishi isiyong'aa ya Humbrol, namba 49, na klia (rangi angavu ya kupaka juu ya nyingine) ya magari ya sehemu mbili iliyobaki nusu pamoja na kigumishi chake. Nilijaribu kuokoa Vallejo nyekundu kwa thina ya dukani, ikakatika ikawa madonge. Vanishi nayo niliitikisa nikaipaka kwenye bawa la majaribio, ikakauka na weupe wa ajabu. Vyote vinakaa juu ya kabati, nyumba yetu ni ya bati, tuko Dar es Salaam. Nataka kujenga modeli ya ndege ya abiria, Super VC10 ya East African Airways, ya kipimo cha 1/144 na sitaki kuiharibu. Nitupe vyote ninunue upya? Niziweke kwenye friji? Na je, ipo thina moja nzuri inayofaa kwa zote?"

JIBU: Ndugu msomaji, usitupe chochote leo. Katika sanduku hilo vimo vitu vitakavyorudi vikapakika vizuri kabisa, vimo vya kujaribu kwa uangalifu, na vimo viwili vitatu ambavyo hata ukivimwagia lita nzima ya thina havitarudi. Umri wa rangi hauamui sana, wala ugumu wake ndani ya chupa. Linaloamua ni namna rangi hiyo inavyokauka. Kwa sababu hiyo naanza na swali lako la mwisho, la thina moja, maana ndilo lililoiua Vallejo yako.

Kwa nini hakuna thina ya wote

Rangi yoyote ya modeli ina vitu vitatu: chembe zinazoipa rangi yake, rezini inayozishika chembe hizo zisipukutike, na kimiminika kinachoifanya ipakike. Tofauti zote zimo kwenye rezini na kimiminika.

Laka, yaani Mr. Color na zile Tamiya zenye herufi LP, hukauka kwa njia moja tu. Kimiminika kinapeperuka, rezini inabaki, basi. Ukirudisha kimiminika cha jamii ileile, rezini inayeyuka tena hata ikiwa imekaa miaka.

Enameli, yaani Humbrol yako, huanza hivyohivyo lakini haiishii hapo. Rezini yake imetengenezwa kwa mafuta ya mimea, na mafuta hayo hunyonya oksijeni ya hewani yakaungana yenyewe kwa yenyewe, huku yakiharakishwa na chumvi za metali zilizotiwa kiwandani. Muungano huo ukishafanyika haufunguki kwa thina yoyote. Ndiyo asili ya ule utando unaouona: hewa iliyobaki kati ya rangi na mfuniko imeikausha rangi ya juu, nayo ya chini ikasalimika.

Akriliki ya maji, mfano Vallejo, ina mambo yake. Rezini haikuyeyuka ndani ya maji, inaelea humo ikiwa vitone vidogo mno, kila kimoja kimezungukwa na dawa ya jamii ya sabuni inayozuia visigusane. Maji yakipungua, vitone hukaribiana na kushikamana vikawa ngozi moja, na maji hayawezi kuitenganisha tena. Thina ya dukani ina viyeyusho vikali vinavyolainisha vitone na kuvuruga ile dawa ya kuvitenganisha, kwa hiyo vyote vinashikana kwa mkupuo. Spiriti hufanya vilevile. Vallejo yako nyekundu imekwisha, usiipotezee muda.

Hapa pana mtego ambao huwanasa wengi. Tamiya za chupa ya kioo zenye namba za X na XF nazo zimeandikwa akriliki, lakini si ndugu wa Vallejo. Rezini yake imeyeyuka katika mchanganyiko wa spiriti na viyeyusho vinavyokubali maji. Ndiyo maana unaweza kuosha brashi yake kwa maji, lakini ikishakauka juu ya modeli unaifuta kwa spiriti. Kwa tabia ya kukauka iko karibu zaidi na laka. Hivyo Tamiya iliyokuwa nzito ina matumaini makubwa, na Vallejo iliyokuwa nzito ina matumaini madogo.

Ukikuta chupa isiyo na lebo, usikisie kwa harufu. Weka matone manne ya rangi hiyo kwenye kipande cha kioo, mbalimbali. La kwanza litie tone la maji, la pili tapentaini, la tatu spiriti ya isopropili ya asilimia 99, la nne thina ya laka, kisha koroga kila moja kwa kijiti chake cha meno. Iliyokubali maji na ikakubali spiriti ni jamii ya Tamiya. Iliyokubali maji lakini ikaganda kwenye spiriti ni jamii ya Vallejo. Iliyochanganyika laini na tapentaini ni enameli. Iliyogoma kwenye maji na kwenye tapentaini, ikayeyuka kwa thina ya laka, ni laka. Kazi ya dakika tano, na inaokoa chupa nzima.

Kufufua, moja baada ya nyingine

Mr. Color zilizokauka kabisa ndizo zinazoonekana zimekufa kuliko zote, na ndizo rahisi kuliko zote. Chupa zile ni za mililita 10. Tia mililita 2 hadi 3 za Mr. Color Thinner, funga, iache saa 24 bila kuichokoa. Kesho yake sehemu ya juu itakuwa imelainika. Ikoroge kidogo, ongeza mililita 1, funga tena. Huenda ukahitaji siku tatu au nne. Kinachoharibu hapa ni haraka: mtu akijaza chupa thina siku ya kwanza, anapata rangi nyembamba isiyofunika, na kuipunguza ni kazi ndefu. Simama rangi inapofikia uzito wa mafuta ya kupikia, halafu ukitaka kupuliza, punguza kwenye kikombe cha pembeni. GSI Creos, watengenezaji wa Mr. Color, wanauza pia kimiminika maalumu cha kurudishia rangi zilizokauka. Ukikipata kitumie kwa hatua hii. Thina ya laka ya duka la rangi za magari huyeyusha, sikatai, ila mchanganyiko wake hubadilika kutoka kopo hadi kopo na nyingine hukatisha rangi. Itumie kuoshea vifaa.

Tamiya nzito itie thina yake ya X-20A, nusu mililita kwa wakati mmoja, ukikoroga kila mara. Ikibaki na punje, jaribu Mr. Color Leveling Thinner badala yake. Ina nguvu zaidi na inaelewana vizuri na rezini hiyo. Usitie tapentaini, itaganda. Spiriti ya duka la dawa ya kusafishia vidonda mara nyingi ni ya asilimia 70, maana yake karibu theluthi ni maji. Kwa rangi iliyo nzima haina madhara makubwa, lakini kwa rangi iliyoanza kukauka maji hayo hayasaidii kuyeyusha.

Vallejo zilizobaki zifungue unuse kwanza. Harufu kidogo ya amonia ni ya kawaida. Harufu ya uvundo au yai bovu maana yake bakteria wameingia, na rangi hiyo haitengenezeki, tupa. Iliyo nzito tu lakini laini, itie matone machache ya maji ya betri (yale maji safi ya kuongezea, si asidi) au thina ya Vallejo yenyewe. Maji ya bomba na ya kisima yana chumvi, na baadhi ya chumvi huvuruga vitone kwa namna ileile ya thina, ila polepole. Ikiwa na vipande vya ngozi, ichuje. Ikiwa imekuwa mpira, imekwisha.

Humbrol inataka mkono wa taratibu. Usitikise kopo lenye utando, maana ukiutikisa unavunjika vipande vidogo ambavyo hutavimaliza kuviokota. Pitisha ncha ya wembe kuzunguka ukingo wa ndani, uinue utando mzima kwa kibanio, uache udondoke matone kisha uutupe. Chini yake tazama hali ya rangi. Ikitiririka kutoka kwenye kijiti, hata kama polepole, ni nzima. Ikitikisika kwa pamoja bila kutiririka, yaani imekuwa jeli, muungano umeshafanyika mpaka ndani. Hiyo ni ya kutupa. Ile nzima itie tapentaini au thina ya Humbrol, si zaidi ya mililita 1 hadi 1.5 kwa kopo la mililita 14.

Enameli ya zamani ina ugonjwa mmoja uliojificha. Chumvi za metali zinazoharakisha ukaukaji hunaswa na chembe za rangi kadiri miaka inavyopita, zinapungua nguvu. Rangi inakoroga vizuri, inapaka vizuri, lakini siku ya tatu bado inanata kidole. Hutaligundua hilo ndani ya kopo. Paka kijiko cha plastiki, subiri saa 72, kisha kandamiza kwa kucha. Ikiacha alama au ikinata, usiiweke kwenye modeli. Itumie kwa vitu visivyoshikwa au iache.

Kukoroga

Kutikisa hakutoshi kwa rangi iliyokaa mwaka mmoja au zaidi. Chembe nzito, kama nyeupe ya titani na nyekundu za oksidi ya chuma, hutua chini na kujipanga zikashikana zikawa udongo mgumu. Ukitikisa, kimiminika cha juu kinacheza, udongo umekaa pale pale, nawe unapaka rangi yenye rezini nyingi na chembe chache. Inang'aa inapotakiwa ising'ae, na haifuniki.

Fanya hivi. Mimina kimiminika cha juu kwenye kikombe safi, ubakishe kidogo tu. Chukua kijiti cha aiskrimu ulichokichonga kiwe na ncha bapa, ukwangue chini na kwenye kona ya ndani ya chupa mpaka kijiti kisihisi mkwaruzo wala mlima. Ponda madonge kwenye ukuta wa chupa hadi yawe laini kabisa. Sasa rudisha kile kimiminika kwa awamu nne au tano, ukikoroga kila awamu mpaka iwe sawa. Hii ndiyo siri yote: madonge hupondeka kwenye rangi nzito, kwenye rangi nyepesi yanakimbia kijiti. Baadaye chuja kupitia kipande cha soksi ya nailoni iliyovutwa juu ya kikombe.

Gololi za kutikisia zinasaidia kuzuia tatizo lisirudi. Mbili za milimita 4 au 5 kwa chupa zinatosha, ziwe za chuma kisichoshika kutu au za kioo. Gololi za beringi za kawaida zinashika kutu ndani ya akriliki na kuipa nyeupe yako rangi ya chai. Kikorogeo cha betri ni kizuri kwa laka na enameli ukikiendesha polepole. Kwa akriliki ya maji na vanishi hutia mapovu, na mapovu hayo huonekana kwenye uso uliokauka.

Kupima kimiminika tumia bomba la sindano la mililita 1, ila fahamu kuwa ule mpira mweusi wa ndani huvimba ukiguswa na thina ya laka na bomba linakwama. Vidonea vya plastiki visivyo na mpira ni bora.

Vanishi iliyokauka nyeupe

Weupe wa vanishi una sababu mbili ambazo dawa zake hazifanani, kwa hiyo kwanza tuzitenganishe.

Vanishi isiyong'aa hupata hali hiyo kwa chembe ndogo za silika zilizomo ndani yake. Ikikauka, chembe hizo huufanya uso uwe na vilima vidogo visivyoonekana kwa macho, mwanga unatawanyika badala ya kurudi pamoja, nawe unaona uso usiong'aa. Silika hiyo hutua chini ya kopo. Ukitikisa bila kukwangua, brashi za kwanza zinapata vanishi inayong'aa, na za mwisho zinapata silika tupu. Silika ikizidi, mwanga unatawanyika kupita kiasi na unaona weupe. Hilo ndilo nadhani limeipata Humbrol 49 yako, hasa ikiwa kopo limebaki nusu na sehemu ya juu ilishatumiwa bila kukorogwa: uwiano umeharibika tangu enzi za kaka yako, na hakuna kukoroga kutakakorudisha rezini iliyokwisha kutumika. Unaweza kurekebisha kwa kuongeza vanishi ya enameli inayong'aa, Humbrol 35, sehemu moja kwa sehemu tatu za hiyo 49, kisha ujaribu kwenye kijiko.

Sababu ya pili ni unyevu, na kwa mkaaji wa pwani ni adui wa kila siku. Kiyeyusho kinapopeperuka kwa kasi kinachukua joto la uso uliopakwa. Uso ukipoa kuliko kiwango ambacho hewa inaweza kubeba mvuke wake, maji hutonea humo humo ndani ya vanishi kabla haijafunga. Hii huipata zaidi laka inayopulizwa, maana hupeperuka haraka. Enameli ya brashi kwa nadra. Dar unyevu wa hewa huwa juu kabisa alfajiri na usiku, na hupungua kidogo mchana jua likiwa kali. Hivyo puliza kati ya saa sita na saa kumi mchana, epuka siku za mvua za masika, na ukiwa na kipimo cha unyevu subiri kishuke chini ya asilimia 65 au 70. Leveling Thinner ina kichelewesho ndani yake kinachopunguza kasi ya kukauka, kwa hiyo mahali kama Dar ndiyo ninayoipendekeza kwa laka zote za klia.

Namna ya kuzitofautisha: lowesha sehemu nyeupe kwa tone la mafuta ya kupikia. Weupe ukipotea chini ya tone, tatizo liko juu ya uso, ni silika, na tabaka jembamba la vanishi inayong'aa litaufunika kwa kuwa linajaza vile vilima (osha mafuta kwa sabuni kwanza). Ukibaki, maji yamefungiwa ndani. Kwa laka, puliza ukungu mwepesi wa Leveling Thinner tupu ili uso ulainike tena na maji yatoke. Kwa enameli iliyokwisha kuiva, hilo haliwezekani. Itabidi kusugua na kurudia.

Lakini nikuambie wazi: hata kama utaitengeneza ile 49, usiipeleke kwenye Super VC10. Ndege ya abiria inayosafishwa na kupigwa polishi haitaki vanishi isiyong'aa. Zaidi ya hapo, yale mafuta ya mimea ya enameli hugeuka manjano kadiri miaka inavyokwenda, na hugeuka haraka zaidi yakikaa gizani. Kwenye rangi ya kijeshi ya kijani hutaona. Kwenye mwili mweupe wa ndege ya abiria utaona mapema, na utaona zaidi upande ule unaoelekea ukuta. Klia ya enameli itumie kwenye magurudumu, injini na modeli za kijeshi.

Klia ya sehemu mbili

Hii ndiyo ya kwanza kuondolewa sandukuni. Kigumishi chake ni jamii ya isosayaneti, kemikali inayoungana na rezini ya klia na vilevile na unyevu wowote inaoupata. Chupa ikishafunguliwa mara moja, mvuke wa maji wa hewa ya pwani umeingia. Kigumishi huanza kuwa na ukungu, halafu jeli, na katika kuungana na maji hutoa gesi ya kaboni dioksidi inayoweza kuvimbisha chupa iliyofungwa. Kikiwa na dalili hata moja, hakifai. Kitakupa klia inayobaki laini, yenye mapovu. Hata kikionekana angavu, chupa iliyokaa miaka imefunguliwa haifai kuaminiwa juu ya kazi ya wiki kadhaa. Na iliyokwisha kuchanganywa haihifadhiwi kamwe. Inaganda ndani ya chombo kwa saa chache, hakuna thina ya kuirudisha.

Hatari ya afya ni kubwa kuliko hasara ya rangi. Isosayaneti ikipulizwa ikavutwa inaweza kumletea mtu pumu, na mwili ukishaizoea vibaya, kiasi kidogo sana siku nyingine kinatosha kumbana kifua. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii kitu. Ukiipenda sana klia ya aina hii, mpelekee modeli fundi rangi wa magari mwenye chumba cha kupulizia na barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Usiipulize nyumbani.

Pa kuweka, na namna ya kufunga

Friji hapana. Thina ya laka ina viyeyusho ambavyo mvuke wake huwaka hata kwenye ubaridi wa friji, na friji ya nyumbani ina swichi zinazotoa cheche ndani. Tena chakula kinashika mvuke. Juu ya kabati chini ya bati nako hapana, maana ndipo joto la nyumba nzima linapokusanyika. Hamishia chini kabisa ya kabati, kwenye chumba chenye kivuli ambacho hakishiriki ukuta na jiko, ndani ya sanduku lenye kifuniko na kufuli. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni, kwa hiyo jiko la mkaa au la gesi lisiwe kwenye chumba hicho. Nyuzi 15 hadi 25 ndizo bora. Kwa Dar, hata kubaki chini ya 30 ni ushindi.

Kufunga ndiko kunakoamua kama utakutana na rangi hiyo mwakani. Futa kingo za chupa na nyuzi za mfuniko kwa kitambaa chenye thina inayohusika, kila mara, kabla ya kufunga. Tone moja lililokauka kwenye nyuzi linaacha upenyo, na upenyo huo unatosha kuikausha laka ndani ya miezi. Kisha zungusha nyuzi raundi mbili za ile tepu nyeupe ya mafundi bomba; inaziba na pia inazuia mfuniko usigande. Makopo ya Humbrol safisha mfereji wa ukingo, weka kipande cha ubao juu, ugonge taratibu pande zote.

Hewa iliyo ndani nayo ipunguze. Kopo likibaki robo, hamishia rangi kwenye chupa ndogo ya kioo mpaka ijae. Enameli, kabla ya kufunga, dondoshea juu matone matano ya tapentaini bila kukoroga. Yanakaa juu na kuzuia oksijeni isiifikie rangi. Baadhi ya watu hupindua chupa juu chini ili utando ufanyike upande wa kitako. Kwa makopo ya enameli yanayofunga vizuri si mbaya. Kwa chupa za Tamiya na Mr. Color siupendi ushauri huo: chembe hutua ndani ya mfuniko, zinaganda kwenye nyuzi, na mfuniko unafunguka kwa koleo au haufunguki kabisa. Vallejo nazo ukizipindua zinaziba mdomo.

Andika tarehe ya kufungua chini ya kila chupa, na aina ya thina yake. Rangi uliyoifufua iandikie pia kiasi ulichoongeza. Kila baada ya miezi mitatu zikoroge zote; ni rahisi mno kuliko kuponda udongo wa mwaka mzima.

Thina isihifadhiwe kwenye chupa ya soda au ya maji hata kwa siku moja, hata kama umeandika juu yake. Watoto hawasomi, na wakubwa wenye kiu usiku hawasomi. Mtu akimeza thina au tapentaini usimtapishe, maana ikirudi inaingia mapafuni na hapo ndipo inapoua. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe. Nenda pia hospitali ukiona kifua kinabana, kikohozi kisichoisha au kichwa kinachouma kila baada ya kupuliza, na usirudie kazi hiyo mpaka uonwe. Kwa laka na enameli puliza mahali penye hewa inayopita, ukiwa na barakoa ya vichujio vya mkaa vya kuzuia mvuke wa kemikali.

Zile za kutupa usizimwage chooni wala mtaroni. Changanya na mchanga au unga wa mbao, acha wazi nje mbali na watoto na moto mpaka ziwe ngumu, ndipo ziende kwenye taka. Kigumishi cha klia kisichanganywe na chochote wala kisifungwe kwenye chombo kingine. Mpe fundi wa gereji akitoe pamoja na chake. Vitambaa vyenye enameli tandaza vikauke kimoja kimoja, usivirundike, kwani mafuta yake yanapoungana na oksijeni hutoa joto, na rundo lililobanana linaweza kujiwasha lenyewe.

Kwa Super VC10, nunua vitu viwili vipya tu: nyeupe na klia. Chukua nyeupe ya laka, mfano Tamiya LP-2, na klia ya Tamiya LP-9 au Mr. Color GX100, ili tabaka zote ziwe jamii moja na zielewane. Usipitishe laka juu ya enameli. Viyeyusho vyake huikunja. Juu ya stika anza na kungu nyepesi tatu au nne, kila moja ikauke dakika 15, ndipo upulize tabaka linalolowesha uso, maana laka nzito ikiangukia stika moja kwa moja huzila. Rangi nyingine ndogondogo, za magurudumu, injini na madirisha, zitatoka humo humo kwenye sanduku la kaka yako.